Jinsi ya Kufuatilia Wazo la Wagiriki wa Kale Tangu Lilikotoka Hadi Lilikofika

Hakuna hata ukurasa mmoja uliobaki wenye mwandiko wa Thales, Heraclitus, Plato au Aristotle. Tulicho nacho ni nakala za nakala, na mara nyingi hata nakala hazipo: kuna mtu mwingine aliyeishi miaka 500 au 1,000 baadaye akaandika, "fulani alisema hivi." Socrates (469–399 KK) hakuacha kitabu chochote. Kwa hiyo anayetaka kuisoma falsafa ya Ugiriki ya kale kwa makini ana kazi mbili zinazokwenda pamoja: kulielewa wazo lenyewe, na kujua limemfikia kwa mikono ya nani. Waliosoma elimu ya hadithi za Mtume wanaifahamu vizuri hiyo kazi ya pili, kwa sababu wao huangalia mlolongo wa wapokezi kabla ya kuyapokea maneno. Utaratibu huohuo unafaa hapa, na atakayeuruka atajikuta anamsifu au kumlaumu mtu kwa maneno ambayo hakuyasema.

Vifaa

Chukua daftari na ulitengee kila wazo kurasa mbili zinazotazamana. Piga safu nne: maneno yenyewe kama yalivyo kwenye tafsiri, anwani yake (namba, tutazieleza hivi punde), aliyeyahifadhi na karne aliyoishi, na mahali wazo lilipokwenda baadaye. Safu ya tatu ndiyo wengi huiacha wazi. Usiiache.

Unahitaji pia ramani. Falsafa hii haikuanzia Athene. Thales, Anaximander na Anaximenes walikuwa watu wa Mileto, na Heraclitus wa Efeso, miji ya pwani ya Ionia ambayo leo iko Uturuki. Parmenides na Zeno walitoka Elea, kusini mwa Italia. Empedocles alitoka Acragas katika kisiwa cha Sicily. Democritus alitoka Abdera, kaskazini kabisa mwa bahari ya Aegean. Pythagoras alizaliwa kisiwani Samos akahamia Croton, kusini mwa Italia. Hawa walikuwa watu wa bandari na makoloni, na hilo lina uzito tutakapofika kwenye suala la asili.

Unapochagua tafsiri, usianze kwa kutazama jalada wala utangulizi. Fungua katikati utazame pambizo. Kama hakuna namba ndogo pembeni, kama 21d au 983b, irudishe rafuni. Bila namba hizo huwezi kulinganisha tafsiri mbili, na huwezi kuhakiki nukuu hata moja.

Kusoma anwani

Kuna mifumo mitatu, na yote inajifunzika kwa siku moja.

Plato hutajwa kwa kurasa za chapa iliyotolewa Geneva mwaka 1578 na Henri Estienne, maarufu kwa jina la Kilatini Stephanus. Kila ukurasa uligawanywa sehemu tano, a mpaka e. "Jamhuri 514a" maana yake ni mwanzo wa ukurasa wa 514, pale mfano wa pango unapoanza. Chapa hiyo ilikuwa na majuzuu matatu na kila juzuu lilianza kuhesabu upya, kwa hiyo namba bila jina la kitabu haina maana. Ukikutana na "Plato, 38a" tu, uliza: 38a ya wapi?

Aristotle hutajwa kwa chapa ya Immanuel Bekker iliyoanza kutoka Berlin mwaka 1831. Kurasa zake zina safu mbili, a na b, na mistari imehesabiwa. "Metafizikia 983b20" ni ukurasa 983, safu ya pili, mstari wa 20. Hesabu inakwenda mfululizo katika vitabu vyote, kwa hiyo hapa namba peke yake inatosha kukufikisha. Katiba ya Waathene, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha Aristotle, haimo humo, kwani mafunjo yake yalichapishwa mwaka 1891, Bekker akiwa ameshafariki. Hiyo hutajwa kwa sura.

Waliotangulia Socrates hutajwa kwa herufi DK, yaani mkusanyo wa Hermann Diels uliotoka mara ya kwanza mwaka 1903 na kusahihishwa baadaye na Walther Kranz. Kila mwanafalsafa ana namba yake: Thales 11, Anaximander 12, Heraclitus 22, Parmenides 28. Baada ya namba huja herufi, na herufi hiyo ni muhimu kuliko msomaji mpya anavyodhani. A ni habari zilizosimuliwa kuhusu mtu. B ni maneno yanayodhaniwa kuwa yake mwenyewe. Thales karibu yote ni A. Mtu akikuambia "Thales alisema kila kitu ni maji" na kukupa alama za kunukuu, ujue hizo alama amezitia yeye. Tunalolijua ni kwamba Aristotle, zaidi ya karne mbili baadaye, aliandika katika Metafizikia 983b kuwa Thales alisema maji ndiyo chanzo, kisha akakisia sababu: huenda aliona kwamba chakula cha vyote kina unyevu. Aristotle mwenyewe anakisia, na anasema wazi kuwa anakisia.

Usianze na Thales

Vitabu vingi vya historia ya falsafa huanzia Mileto na kuteremka karne kwa karne. Kwa msomaji anayeanza, hiyo ni njia mbaya. Vipande vya wale wa mwanzo ni vifupi, vimekatwakatwa, na vinahitaji uwe umeshazoea kuiona hoja ya Kigiriki inavyojengwa. Msomaji huchoka akiwa hajafika popote, akabaki na orodha: maji, hewa, moto, atomi.

Anza na vitabu vitatu vya Plato vinavyofuatana hata kwa namba: Euthyphro (2a–16a), Utetezi wa Socrates (17a–42a) na Crito (43a–54e). Ni kurasa za Stephanus zisizozidi 55 kwa jumla. Soma zisizozidi kumi kwa kikao kimoja, na kila kitabu ukisome mara tatu: mara ya kwanza kama mchezo wa kuigiza, bila kalamu, mara ya pili ukiandika kila kauli inayotolewa kujibu swali kuu, mara ya tatu ukitafuta mahali ambapo jibu linavunjika na kwa nini. Baada ya hapo soma Meno, kitabu kingine cha Plato (70a–100b), halafu ndipo urudi nyuma kwa watu wa Mileto ukiwa na Metafizikia ya Aristotle, kitabu cha kwanza, sura ya 3 hadi ya 6, kama ramani. Ni ramani nzuri, ila imechorwa na mwenye shauri lake: Aristotle anawapanga waliomtangulia kana kwamba wote walikuwa wakitafuta aina zake nne za sababu na kila mmoja akaishia njiani.

Kuifungua hoja: Euthyphro 10a

Tuitazame hoja moja kwa karibu. Euthyphro amekwenda mahakamani kumshtaki baba yake mzazi. Kibarua wao alimuua mtumwa akiwa amelewa, baba akamfunga kamba na kumtupa shimoni huku akituma mtu Athene kuuliza afanye nini. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi. Euthyphro anasema kumshtaki baba ni uchaji. Socrates, ambaye naye ameshtakiwa kwa kuwakosea miungu, anamwomba basi amweleze uchaji ni nini.

Andika majibu yake na anwani zake. Kwenye 5d: uchaji ni hiki ninachofanya sasa. Huo ni mfano, si maana. Kwenye 7a: ni kile kinachopendwa na miungu. Lakini miungu ya Wagiriki hugombana, kwa hiyo kitu kilekile kitakuwa cha kichaji na kisiwe cha kichaji. Kwenye 9e anarekebisha: kinachopendwa na miungu yote. Ndipo 10a linakuja swali: kitu cha kichaji hupendwa na miungu kwa sababu ni cha kichaji, au ni cha kichaji kwa sababu hupendwa?

Mistari inayofuata huwatoa jasho wanaoisoma katika lugha nyingi, lakini sarufi ya Kiswahili inaifungua vizuri. Socrates anasema: kuna kibebacho na kibebwacho, kipendacho na kipendwacho. Mzigo ni kibebwacho kwa sababu yupo anayeubeba. Haubebwi kwa sababu tayari ulikuwa kibebwacho. Vivyo hivyo kipendwacho: ni kipendwacho kwa sababu yupo anayekipenda. Sasa Euthyphro amekwisha kukubali kwamba miungu hupenda cha kichaji kwa sababu ni cha kichaji. Basi "cha kichaji" na "kipendwacho" haviwezi kuwa kitu kimoja, kwa kuwa kimoja hutangulia kupendwa na kingine huzaliwa na kupendwa. Kwenye 11a Socrates anamwambia ametaja jambo linaloupata uchaji, hajataja uchaji wenyewe.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanasema Socrates amethibitisha kwamba wema hauhitaji Mungu. Hajathibitisha hivyo. Amethibitisha kwamba mtu aliyekubali upande wa kwanza wa swali hawezi tena kuitoa maana kwa upande wa pili. Aliyetaka kukubali upande wa pili bado anaweza kufanya hivyo, mradi alipe gharama yake: itabidi aseme miungu ilipenda bila sababu iliyotangulia. Ukiandika kwenye daftari lako, andika kilichothibitishwa tu, na uandike kauli ambayo hoja nzima imesimama juu yake.

Kurudi kwenye chanzo: mto wa Heraclitus

Karibu kila mtu amesikia kwamba Heraclitus alisema huwezi kuingia mara mbili katika mto uleule. Fuatilia.

Kauli hiyo inapatikana kwa Plato, katika kitabu chake Cratylus 402a, ambako Socrates anasema kwamba Heraclitus "mahali fulani" alisema vitu vyote huenda na hakuna kinachobaki, na kwamba huwezi kuingia mara mbili katika mto uleule. Inapatikana tena kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi karne kadhaa baadaye, na ndiyo iliyopewa namba DK 22 B91. Lakini kuna kipande kingine, B12, ambacho wataalamu wengi wanakiona ndicho kilicho karibu zaidi na maneno ya Heraclitus mwenyewe: juu ya waingiao katika mito ileile hutiririka maji mengine na mengine tena. Mlolongo wake ni huu: Eusebius, askofu wa karne ya 4 BK, anamnukuu Arius Didymus, naye Arius anaeleza jinsi Cleanthes, mwanafalsafa wa shule ya Wastoiko (tutaifikia baadaye), alivyomtaja Heraclitus alipozungumzia nafsi. Mikono mitatu, na kila mmoja alikuwa na shughuli yake.

Sasa weka B12 na B91 kwenye kurasa zinazotazamana. B91 inasema mto si uleule. B12 inasema mito ni ileile, na maji ndiyo mengine. Tofauti hii si ndogo. Kwa B12, mto unabaki kuwa mto kwa sababu maji yake hayakai; ukiyazuia yasimame, una bwawa. Mabadiliko ndiyo yanayoushikilia mto uwe mto. Huyo si mtu anayesema hakuna kinachodumu; ni mtu anayeeleza namna baadhi ya vitu hudumu. Wazo zito zaidi, na linaoana na vipande vyake vingine, kama kile cha upinde na kinubi ambavyo nguvu zake hutokana na mvutano wa pande mbili (B51).

Kwa nini basi Plato alimpokea kwa sura ile nyingine? Safu ya tatu inajibu. Metafizikia 987a inasema Plato katika ujana wake alizoeana na Cratylus na mafundisho ya wafuasi wa Heraclitus. Na 1010a inasema Cratylus alifika mbali hata akamlaumu Heraclitus: alisema mtu hawezi kuingia mto uleule hata mara moja, na mwishowe akaacha kusema, akawa anatikisa kidole tu. Plato alimsikia Heraclitus kupitia mfuasi aliyepindukia mipaka. Hilo halimfanyi Plato mwongo. Linakuonyesha kwa nini lazima uulize ni nani aliyempokea nani.

Suala la asili: Misri, Babeli na vipimo vinne

Hapa pana ubishi mkali, na pande zote mbili hukosea kwa pupa. Upande mmoja husema Wagiriki waliamka asubuhi wakaanza kufikiri bila kufundishwa na yeyote. Wagiriki wenyewe hawakusema hivyo. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 KK, (2.109) anasema jiometria ilianzia Misri katika kupima mashamba yaliyomegwa na Nile, na kwamba kipimo cha kivuli cha jua na sehemu 12 za siku walivipata kwa Wababeli. Aristotle (981b) anasema hisabati iliundwa Misri kwa kuwa makuhani walikuwa na nafasi ya kutosha. Isocrates, mwalimu wa ufasaha wa Athene, anasema Pythagoras aliileta falsafa kutoka kwa Wamisri. Katika Timaeus 22b Plato anamweka kuhani wa Kimisri akimwambia Solon, mtunga sheria wa Athene, kwamba ninyi Wagiriki ni watoto siku zote.

Upande mwingine husema kila kitu kiliibwa. Dai linalorudiwa sana ni kwamba Aristotle alijinyakulia vitabu vya maktaba ya Iskandaria na kuvitia jina lake. Angalia tarehe: Alexander aliuanzisha mji huo mwaka 331 KK, Aristotle alifariki Chalcis mwaka 322 KK, maktaba ilianzishwa na ukoo wa Ptolemy baadaye. Dai linaanguka hapohapo, na ni hasara, kwa sababu linachafua hoja ya kweli kuhusu deni la Wagiriki kwa Misri.

Tumia vipimo vinne, kwa mpangilio huu. Kwanza tarehe: je, anayedaiwa kutoa alitangulia? Pili njia: palikuwa na bandari, mfanyabiashara, askari, mfasiri? Mileto ilikuwa na watu wake Naukratis, mji wa biashara wa Wagiriki katika delta ya Nile, kwa hiyo njia ipo. Tatu undani: je, kilichofanana ni cha pekee kiasi cha kutoweza kubuniwa mara mbili? "Mwanzo palikuwa na maji" ni fikra ya mataifa mengi. Jedwali la namba zilezile lingekuwa ushahidi mwingine kabisa. Nne mabadiliko: aliyepokea aliongeza nini?

Jaribu kwa kanuni ya pembetatu mraba inayoitwa ya Pythagoras. Kibao cha udongo cha Babeli kiitwacho Plimpton 322, cha karibu mwaka 1800 KK, kina orodha ya namba zinazoitii kanuni hiyo, zaidi ya miaka 1,000 kabla Pythagoras hajazaliwa. Tarehe imepita, njia inawezekana, undani upo. Kipimo cha nne ndicho kinachotuonyesha Wagiriki walifanya nini: walidai ithibati, yaani maelezo ya kwa nini lazima iwe hivyo kwa kila pembetatu ya aina hiyo, hata ile ambayo hakuna aliyeipima.

Jaribu pia kupatwa kwa jua kwa mwaka 585 KK. Herodotus (1.74) anasema Thales aliwatangulizia Waionia mwaka ambao mchana ungegeuka usiku. Soma vizuri: mwaka. Hasemi siku wala saa. Wanaoandika kwamba Thales "alikokotoa siku ya kupatwa" wameongeza kitu ambacho mpokezi wa kwanza hakukisema.

Aristotle asomweje

Vitabu vyake tulivyonavyo ni matini ya kufundishia. Majadiliano aliyoyaandika kwa ajili ya umma yamepotea, na mpangilio wa vitabu vilivyobaki unahusishwa na Andronicus wa Rhodes, karne ya 1 KK. Hata jina Metafizikia si lake. Maana yake ni "vinavyofuata baada ya vile vya Fizikia". Basi usishangae sentensi zikiwa kavu na mada zikirudiwa. Soma aya tano, funga kitabu, zieleze kwa maneno yako, kisha endelea.

Mlango mzuri ni Fizikia, kitabu cha 2, sura ya 3 (194b), kuhusu sababu nne. Neno "sababu" linaweza kukupotosha. Ifikirie kuwa ni majibu manne ya swali "kwa nini": kimetokana na nini, kama shaba kwa sanamu, kina umbo au maana gani, nani au nini kilianzisha badiliko, kama baba kwa mtoto, na ni kwa ajili ya nini, kama afya kwa anayetembea. Kisha soma Maadili ya Nikomako, vitabu viwili vya kwanza. Huko (1098a) utakutana na mbayuwayu mmoja asiyeleta masika.

Ukiwa hapo, hakiki nukuu inayozunguka sana mitandaoni ikiwa na jina la Aristotle: kwamba sisi ni kile tunachokifanya mara kwa mara, na ubora si tendo bali ni mazoea. Haimo kwa Aristotle. Ni maneno ya Will Durant, mwandishi wa Marekani, alipokuwa akimfupisha Aristotle mwaka 1926. Aristotle mwenyewe (1103b) anasema tunakuwa waadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kisha (1105a) anaongeza sharti ambalo ufupisho umelimeza: mtendaji awe anajua atendalo, alichague kwa ajili yake lenyewe, na alitende kutoka katika tabia thabiti. Mazoea peke yake hayatoshi. Vivyo hivyo Socrates: "najua kwamba sijui kitu" si maneno ya Utetezi. 21d inasema hadhani kuwa anajua asichokijua, na hilo ni jambo jingine.

Wastoiko na Waepikureo

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ameshakutana nao: Matendo 17:18 yanawataja wakibishana na Paulo Athene, na katika mstari wa 28 Paulo anamnukuu mtunga mashairi wa Kigiriki anayesema sisi sote tu wazao wake. Mstari huo ni wa Aratus. Vitabu vya waasisi wa shule zote mbili, Zeno wa Citium kwa Wastoiko na Epicurus kwa Waepikureo, vimepotea kwa sehemu kubwa mno. Epicurus amebaki katika barua tatu na kauli kuu 40, na tumevipata kwa sababu Diogenes Laertius alivinakili vizima katika kitabu cha 10 cha maisha ya wanafalsafa, karne ya 3 BK. Anza na barua kwa Menoeceus, ambayo haifiki hata kurasa sita. Kwa Wastoiko, anza na mwongozo mfupi wa Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa; sura zake ni 53, na uliandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Kumbuka kwamba Epictetus aliishi miaka takriban 400 baada ya Zeno wa Citium kuanza kufundisha kwenye ukumbi wa Athene, kwa hiyo usichukue kila asemacho ukampa Zeno.

Kufuatilia wazo mbele

Chukua atomi, neno la Kigiriki lenye maana ya "isiyokatika". Leucippus na Democritus waliianzisha karne ya 5 KK kumjibu Parmenides aliyesema kilichopo hakiwezi kutokea wala kutoweka: basi, wakasema, atomi hazitokei wala hazitoweki, ila hukusanyika na kuachana katika uwazi. Epicurus akaipokea na kuitumia kuondoa hofu ya miungu na mauti. Lucretius akaiweka katika shairi la Kilatini la vitabu sita, karne ya 1 KK. Shairi likasahaulika hadi Poggio Bracciolini alipoupata mswada mwaka 1417. Katika karne ya 17, Pierre Gassendi, padri wa Kifaransa, akafundisha atomi upya, safari hii akisema zimeumbwa na Mungu. John Dalton alipoandika juu ya atomi mwaka 1808, hoja yake ilitoka kwenye uzani wa kemikali, jambo ambalo Democritus hakulijua. Neno lilisafiri lote. Hoja ilibadilishwa njiani. Kila unapofuatilia mbele, uliza ni kipi kati ya hivyo viwili kilichofika.

Njia kubwa zaidi ilipita Baghdad. Katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq alikusanya miswada kadhaa ya Kigiriki ya kitabu kimoja, akailinganisha neno kwa neno, ndipo akafasiri kwa Kisiria au Kiarabu; mwanawe Ishaq aliendelea na vitabu vya Aristotle. Al-Farabi akaitwa Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa Aristotle. Ibn Sina (980–1037) anasimulia kwamba aliisoma Metafizikia mara 40 bila kuielewa, mpaka alipouziwa kwa bei ndogo kitabu cha Al-Farabi kilichoeleza makusudio yake. Anayekwama kwenye Metafizikia leo ana mwenzake mkubwa. Al-Ghazali akawashambulia wanafalsafa, Ibn Rushd (1126–1198) akamjibu, na Wakristo wa Ulaya waliosoma tafsiri za Kilatini wakamwita Ibn Rushd "Mfafanuzi" bila kutaja jina. Mwaka 1277 askofu wa Paris alipiga marufuku kauli 219, nyingi zikitokana na masomo hayo.

Njia hiyo ina shimo moja unalopaswa kulijua. Kitabu kilichoitwa Theolojia ya Aristotle kilisomwa kwa Kiarabu kama cha Aristotle, kumbe ni maelezo ya sehemu za maandishi ya Plotinus, mwanafalsafa aliyemfuata Plato na kufariki mwaka 270 BK. Ukimsoma mwanafalsafa wa zama hizo akisema Aristotle alifundisha kwamba vyote vimebubujika kutoka kwa Mmoja, usimhukumu kuwa hakuelewa. Alielewa vizuri; jalada lilimdanganya.

Hitilafu nyingine ni kuona mfanano ukadhani umeona athari. Watheolojia wa Kiislamu walibishana kama jema ni jema kwa amri ya Mungu au Mungu huliamrisha kwa kuwa ni jema, na mtu aliyetoka kusoma Euthyphro hupiga kelele kwamba limetoka kwa Plato. Rudi kwenye vipimo vinne, hasa njia na undani. Swali kama hilo humjia yeyote anayeamini Mungu mwenye amri na akataka kuzielewa.

Kagua pia maneno unayoyatumia kila siku. Falsafa ni philosophia, iliyopita kinywani mwa Waarabu. Mantiki ni neno la Kiarabu halisi, kutoka mzizi wa kutamka, lililochaguliwa kulibeba neno la Kigiriki linalotokana na logos, ambalo nalo ni usemi na ni fikra. Kalamu ni kalamos, unyasi. Na jinsi, neno lililofungua kichwa cha mwongozo huu, lilitoka kwenye genos, yaani aina au ukoo, likaingia Kiarabu kupitia Kiaramu. Yaandike manne hayo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, na kwa kila moja ujaze safu zote nne.